Hewa Katika Mazutu

Ile kamioneti niliijua kuliko nilivyomjua mke wangu, na mke wangu aliniambia hivyo bila kucheka. Ilikuwa pikapu ya zamani ya mazutu, yaani dizeli, rangi yake ya buluu imepauka, mlango wa kulia unafungwa kwa kamba ya mpira. Niliipata kwa mfanyabiashara mmoja wa Nyawera aliyekuwa amechoka nayo. Mimi nilimpa kiwanja changu cha mjini, naye akanipa ufunguo, jeki na ushauri mmoja.

"Mwalimu," alisema, "mashini ya mazutu inaogopaka vitu viwili: maji na hewa. Ukizuia hivyo viwili, itakuzika wewe."

Ilikuwa miaka ya Zaïre, wakati mwalimu wa sekondari mjini Bukavu aliweza kufundisha muhula mzima bila kuuona mshahara. Nilikuwa na abacost moja, ile suti isiyo na tai tuliyotakiwa kuvaa. Niliifua Jumamosi, nikaivaa Jumatatu. Siku moja nikamwambia mke wangu: twende mlimani. Baba yangu alikuwa ameacha shamba huko juu, upande wa barabara ya Bunyakiri, kabla msitu haujaanza. Hatukuwahi kulilima. Mimi nilizaliwa mjini, mke wangu pia. Viazi tulivijua vikiwa kwenye sahani. Lakini wazo lilikuwa limeniingia kichwani na lilinipa kiburi: tutakula tulichopanda, tutakunywa maziwa ya ng'ombe wetu, tutateremsha kabeji zetu kwa gari yetu, na hatutamwomba mtu kitu.

Sitadanganya, mwanzoni ilikuwa raha. Kule juu asubuhi ni baridi, ukungu unalala juu ya kabeji hadi saa tatu. Kabla ya chai nilifungua boneti. Chini ya kichujio cha mazutu kulikuwa na skrubu ndogo. Niliilegeza, nikaacha matone yaangukie kikombe cha bati, na hapo niliona maji yamekaa chini na mazutu juu, kama mafuta kwenye mchuzi. Mazutu ya siku zile ilikuwa chafu, ilijaa kutu ya mapipa. Niliichuja kwa kofia ya zamani ya baba yangu. Betri haikuwa na nguvu, kwa hiyo gari ililala kwenye mteremko wa uani, jiwe chini ya gurudumu. Asubuhi nilitoa jiwe, nikaiacha iteremke, nikaachia klachi, ikakohoa, ikawaka. Chuma kimoja cha springi kilipokatika, nilikifunga kwa kipande cha mti mgumu na mipira ya tairi, na tukaenda hivyo majuma matano. Hakuna aliyenifundisha hayo. Nilikuwa nikiyasimulia kwa sauti kubwa kila nilipokutana na walimu wenzangu mjini.

Kulima ndiko tulikofundishwa. Ng'ambo ya kijito waliishi muzee mmoja na mke wake. Huyo mama ndiye aliyemwonyesha mke wangu jinsi ya kukata kiazi cha mbegu ili kila kipande kibaki na jicho. Ng'ombe wetu alipogoma kutoa maziwa, alikuja yeye, akamwimbia kwa Mashi, lugha ya huko, akamsugua tumbo kwa majani, hadi ng'ombe akatulia. Muzee alinionyesha mahali pa kuchimba mifereji ili mvua isibebe shamba. Hata njia ya gari ni yeye. Kutoka barabarani hadi kwetu kulikuwa na kinjia cha mbuzi tu. Siku za Salongo, ile kazi ya pamoja ambayo serikali ilitaka kila raia aifanye, muzee aliwaleta wanaume wa kilima. Wakachimba, wakapanga mawe, na baada ya Jumamosi nne gari ikafika mlangoni. Nilishukuru, nikawapa kasiksi, pombe ya ndizi, wanywe. Kisha nikaendelea kusema kwamba mimi na mke wangu tunajitegemea.

Halafu watu wakaanza kuomba lifti. Niliposhuka Bukavu nilikuta sita wananingoja, mara na mbuzi, mara na mama mwenye vikapu anayewahi mashua ya kisiwa cha Idjwi. Nilisikia springi zikilia nyuma yangu na moyo ulilia nazo. Wenyewe waliimba, walicheka, waligonga paa la gari nilipokwenda polepole. Mwishowe nilifika mahali ambapo nikisikia hatua zikipanda ile njia ya mawe, uso wangu ulijikunja kabla sijajua ni nani anakuja. Mke wangu aliliona hilo mapema kuliko mimi.

"Wanakuja kukusalimia tu," aliniambia.

"Wanakuja kusalimia gari," nikajibu.

Siku yenyewe ilikuwa katika msimu wa mvua. Ilikuwa imenyesha siku tatu. Nilikuwa nimefunga kichujio kipya nilichokingoja miezi mingi, na katika stoo nilibakiwa na bidoni moja ya mazutu, ya kutosha kushuka mara moja na kurudi. Kabeji zilikuwa tayari. Nilipanga kuzikata siku hiyo na kuziteremsha kesho yake, mvua ikikubali. Tairi za nyuma zilikuwa zimelika, laini kama kisigino. Naandika haya yote ili yaeleweke, lakini nikiyasoma naona bado najitetea.

Yapata saa mbili asubuhi nikasikia sauti ya muzee ikitoka ng'ambo. Watu wa milima hawatumi mjumbe kwa jambo la haraka. Wanapiga kelele kutoka kilima hadi kilima.

"Mwalimuu! Washa gari! Maman ameanguka na kuni! Muguu umevunjika! Tunamuleta kwako!"

"Ndiyo, Muzee!" nikajibu kwa nguvu. "Mulete!"

Nilisema hivyo. Mdomo ulisema vizuri. Kisha nikasimama mbele ya gari na kuanza kuhesabu: njia imeloa, ile kona ya daraja la miti, tairi, bidoni moja, kabeji zitaoza, na baada ya mama huyu atakuja mwingine, na mwingine. Walihitaji kama robo saa kuvuka kijito. Ningeweza kusema betri imekufa, lakini wangesukuma, na kwenye mteremko ule ingewaka mara moja. Nilimkumbuka yule mfanyabiashara na onyo lake la maji na hewa. Nikatoa ufunguo wa kumi na saba, spana ya nati, kwenye sanduku, nikalegeza nati ya bomba linalotoka kwenye kichujio kwenda kwenye pampu, mizunguko miwili tu. Mazutu ikatiririka kidogo juu ya vidole vyangu. Hewa ikaingia. Nikafuta vidole, nikafunga boneti, nikatia ufunguo huo mfukoni mwa koti.

Nilipogeuka, mke wangu alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, sufuria mkononi. Nikatazama njia.

Walikuja wanaume wanne wamebeba kipoyi cha miti na blanketi. Mama alikuwa amelala juu yake, uso wa kijivu, ameuma kitambaa cha kichwa chake mwenyewe ili asilie. Mguu wa kulia chini ya goti ulikuwa umefungwa kwa majani na kanga, na kanga ilikuwa nyekundu. Muzee alikimbilia mlango wa gari.

"Tumuweke nyuma ama mbele?"

"Ngojeni kwanza niwashe," nikasema.

Niliondoa jiwe. Gari ikateremka, nikaachia klachi, ikakohoa mara mbili kwa ile mazutu kidogo iliyobaki kwenye pampu, ikanyamaza. Wale wanaume wakaweka kipoyi chini kwenye majani yaliyoloa, wakaja kusukuma. Walikuwa peku. Walisukuma hadi miguu yao ikachora mistari kwenye tope. Mimi ndani nilikanyaga, nikaachia, nikakanyaga, nikatingisha kichwa kama mtu anayeteswa na mashini. Nilipiga usukani kwa ngumi. Muzee mwenyewe, mtu wa miaka sitini na zaidi, alikuwa ameegemeza bega kwenye mlango wangu, karibu na uso wangu, anapumua kwa nguvu, ananiambia, "Tena, Mwalimu, tena, itawaka."

Tulifika chini kabisa, kwenye kijito. Haikuwaka.

"Imekufa," nikasema. "Pole sana, Muzee. Gari ni ya zamani."

Alinitazama kidogo. Kisha akaniwekea mkono begani, yeye akinifariji mimi, akasema, "Haiko kosa yako. Vyuma vinachokaka."

Wakapanda kumchukua mama, wakateremka naye, wakapita kando ya gari. Hospitali ya misheni ilikuwa mbali: kwa gari saa moja, kwa miguu siku nzima. Mke wangu alikuwa amevaa viatu vyake vya shamba na amebeba chungu cha uji kichwani. Aliwafuata. Alipopita kwenye dirisha langu alisema neno moja, polepole, watu wasisikie.

"Nilikuona."

Nilibaki ndani ya gari. Sauti zao zilipopotea, nilitoka, nikafungua boneti. Nilikaza nati ile, nikapampu mazutu kwa mkono hadi povu likaisha, kazi ya dakika tano. Hapo bado kulikuwa na nafasi. Ningewafuata, ningesema nimeona tatizo, nao wangeniita fundi mkubwa. Mama angefika kabla ya saa sita mchana, na hakuna ambaye angejua kitu isipokuwa mke wangu. Niliwasha. Betri, ambayo kila siku ilikataa, siku hiyo ilikubali mara ya kwanza, na mlio wa mashini ukajaa bonde lote. Nikaogopa. Niliwaza: wakiisikia watauliza imewakaje. Nikaizima haraka. Nikakaa nikisikiliza kama kuna mtu anayeita kutoka bondeni. Hakuna aliyeita. Baadaye nikapanda nyumbani nikakata kabeji, kwa sababu sikujua mikono ifanye nini.

Mke wangu alirudi siku ya pili, adhuhuri, miguu imevimba. Alisema kwamba walifika jua linazama. Kidonda kilikuwa kimeingia uchafu wa njiani, na daktari alisema mguu hautakatwa lakini hautanyooka. Alinieleza hayo akiwa amesimama, kama anayemweleza mtu wa ofisini. Kisha akasema:

"Sitapanda tena ile gari mpaka uwaambie."

"Nitawaambia."

"Haya."

Sikuwaambia. Na Jumamosi ikafika, siku ya Salongo.

Muzee alikuwa ameacha mke wake hospitalini na dada yake, amerudi kuangalia mashamba. Asubuhi hiyo nikaona watu wakikusanyika kwenye kijito, kando ya kamioneti, wengi kuliko siku za kawaida. Mmoja alikuja kunieleza: Muzee amesema gari ya Mwalimu imekufa na Mwalimu yuko peke yake, basi Salongo ya leo ni gari. Tena ametembea hadi kwenye shamba la chai kumleta dereva mmoja mstaafu, aliyeendesha na kutengeneza malori ya chai miaka ishirini. Wanakuja saa tatu.

Gari haikuwa na ubovu wowote. Hilo ndilo lililokuwa tatizo langu. Nilichukua ufunguo wa kumi na saba, nikashuka mbio kabla yule dereva hajafika, nikawaambia watu nataka kuangalia kitu kidogo, na mbele ya wale waliokuja kunisaidia nikailegeza tena ile nati, mgongo wangu ukiwaficha mikono yangu. Mara ya kwanza ningeweza kusema nilishtuka. Mara ya pili nilikuwa nimelala na jambo hilo juma zima.

Dereva alikuwa mtu mfupi, mwembamba, mwenye kofia ya sufu na vidole vilivyokatwa ncha. Alinisalimia kwa heshima, akauliza ilikufaje, nikamweleza. Aliinama juu ya mashini, hakugusa kitu, akanusa. Kisha akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka.

"Nipe ile ya dix-sept."

Sanduku la vifaa lilikuwa chini, miguuni pangu, limefungwa. Nami mkono wangu uliingia mfukoni mwa koti, ukatoa ufunguo wa kumi na saba, ukampa. Nilitambua nilichofanya ulipokuwa tayari umo mkononi mwake. Aliutazama. Akatazama sanduku. Akanitazama mimi, kwa muda mrefu kuliko mtu anavyomtazama mtu asiyemjua. Akageukia nati, akaikaza mizunguko miwili.

"Ni hewa," aliwaambia watu kwa sauti ya kawaida. "Inaingiaka. Hata kwa malori mapya."

Akapampu, akasema niwashe, na wakati huu walisukuma wote, kumi na wawili au kumi na watano, na gari ikawaka. Wanawake waliokuwa wameleta chakula wakapiga vigelegele. Mtu alicheza. Muzee alishika mikono yangu miwili akaitikisa. "Sasa maman atarudi vizuri," alisema. "Hatatembea."

Dereva alisafisha vidole vyake kwa majani. Nilipomkaribia kumshukuru, alinirudishia ufunguo.

"Mwalimu, unafundishaka nini?"

"Nilifundisha hesabu."

"Bon," alisema, akakataa kula, akapanda kilima kurudi kwake.

Nilimleta mama nyumbani baada ya majuma matano. Alikaa mbele, kati yangu na muzee, mguu ameunyoosha juu ya mto uliotumwa na mke wangu. Mke wangu mwenyewe alikuwa amekwenda kumchukua kwa miguu, akarudi kwa miguu. Nilipita kila shimo kama nimebeba mayai. Njia nzima mama alinishukuru. Alisema, "Mungu akuweke, Mwalimu, na hii gari yako." Alisema kama gari ingewaka siku ile, ningekuwa nimempeleka mwenyewe, anajua. Muzee alikuwa anatazama nje ya dirisha.

Ilipita miezi minne. Mama alitembea kwa fimbo, mguu umepinda nje. Shamba lake la juu, lile zuri, aliliacha, kwa sababu hakuweza kulipanda. Nilimwona kila siku. Hakukuwa na dirisha katika nyumba yetu ambalo halikuonyesha ile njia. Mke wangu alipika, alilima, alinijibu nilipouliza, na alikwenda Bukavu kwa miguu, saa nane njiani, kila alipokuwa na haja, huku gari imelala uani na jiwe lake.

Siku niliyokwenda kwa muzee haikuwa na sababu. Nilikuwa nachuja mazutu asubuhi, nikaweka kofia chini, nikavuka kijito. Nilimkuta mbele ya nyumba akikarabati ua wa mbuzi. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kila kitu, nati, ufunguo, mara ya kwanza na ya pili. Aliendelea kufunga fito hadi nikamaliza.

"Nilisikia mashini," alisema.

"Lini?"

"Siku ile. Tulikuwa kwenye daraja la miti. Wale wengine walisema ni gari ya barabarani. Mimi naijua sauti ya yako. Ninaamukaka nayo kila asubuhi."

"Basi kwa nini ulileta watu kuitengeneza?"

Alikaza fundo. "Nilisema, kama nimesikia vibaya, tutakuwa tumesaidia mutu. Kama nimesikia vizuri, atatuona." Akakata kamba kwa meno. "Ulituona?"

"Niliwaona."

"Na ukafungua tena."

"Ndiyo, Muzee."

Hakupandisha sauti. Alinionyesha kwa kidevu upande wa jikoni, ambako moshi ulikuwa unatoka. "Mwambie mwenyewe. Muguu hauko wangu."

Mama alikuwa ameketi juu ya kigoda, anachambua maharagwe katika ungo, mguu mbaya umenyooshwa mbele. Niliinama mlangoni kwa sababu mlango ulikuwa mfupi, nikamwambia. Mara hii maneno yalikuwa machache. Alisikiliza, vidole vimesimama ndani ya maharagwe.

"Mazutu ilikuwamo?" aliuliza.

"Ilikuwamo."

"Na ulijua ni mimi? Ulisikia wakinitaja?"

"Nilisikia, Maman."

Alitikisa kichwa polepole, akatoa kijiwe kwenye ungo, akakitupa nje kando ya miguu yangu, akaendelea kuchambua. Nilingoja anitukane. Nilingoja hata alie. Alisema, "Haya, Mwalimu. Salimia madamu," na nikaelewa kwamba natakiwa kuondoka.

Mke wangu alipanda gari juma lililofuata. Hatukulizungumzia. Kuanzia siku hiyo sikumkataza mtu, nilibeba wagonjwa, maiti, mbuzi, wanafunzi, na springi zililia zitakavyo. Watu wa kilima waliendelea kunisalimia vizuri. Sijui waliambiwa au hawakuambiwa. Muzee alinipa mbegu ya viazi kila msimu kama zamani.

Ila mama hakupanda tena. Tuliishi pale miaka mingine sita, naye katika miaka hiyo alishuka sokoni na kupanda kwa fimbo yake, akipumzika kwenye kila kona. Mara moja nilimkuta njiani mvua inanyesha kubwa, amejifunika jani la mgomba. Nilisimamisha gari, nikafungua ile kamba ya mpira, nikasukuma mlango.

"Maman, tafadhali."

Alisimama. Aliniuliza habari za nyumbani, za mke wangu, za ng'ombe, salamu zote moja moja kama inavyotakiwa, maji yakimtiririka usoni. Nilijibu zote. Kisha akaniaga, akaweka fimbo mbele, akaendelea kupanda. Sikuweza kumpita. Nilitia gia ya kwanza, nikamfuata polepole, taa zimewaka mchana, hadi alipoiacha barabara na kuingia kwenye kinjia cha kwao, na hapo nikabaki nimesimama, mashini inaunguruma, sijui niende mbele au nizime.